Maiti Hatakiwi Kupepesa Macho

...na huyo sisimizi naye, sakafu yote hii ya maabara hakuiona ila kidole chake cha pete, anapanda polepole kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji, na yeye hawezi hata kumpuliza, kwa sababu yeye ni maiti, amechinjwa sasa hivi na mtu aliyevaa sura ya karatasi ya mwalimu mkuu, na maiti hawashwi, maiti hapepesi macho, maiti hana mdogo wake ambaye saa hizi huenda ameshafika kwenye lile geti la bluu... hapana, usianze, tazama dari, dari ina doa la maji lenye mkia, litazame hilo doa, pumua kwa chini ya tumbo, kidogo kidogo, kifua kisipande, ni sukari inayowaita hawa sisimizi, damu yenyewe ni sharubati, sukari na rangi na kijiko cha kakao ili isiwe nyekundu ya kitoto, binti wa vipodozi huikoroga mwenyewe kwenye ndoo, na leo ameimwaga bila huruma, imemtambaa Marehemu mpaka nyuma ya masikio, maana ndivyo wanavyomwita hapa kazini, Marehemu ameshakula, Marehemu aletewe kiti, na yeye huitika, angefanyaje, ana mwili mdogo na uso wa mwanafunzi japo uanafunzi ulishampita kitambo, na hakuna anayejua kufa kama yeye, amekufa bafuni, amekufa ndani ya friji, amekufa akining'inia kwenye ngazi miguu juu, na kila filamu hufa mapema, watu wakiwa hawajakaa sawasawa kwenye viti vyao, ili wajue mapema kwamba huku hakuna mchezo. Juu yake wamesimama watatu wenye sare za shule, wanabishana kama ilivyoandikwa, na kamera inawazunguka taratibu, inanguruma kidogo kwenye reli yake, ikimaliza kuwazunguka itashuka mpaka usoni pake na itulie hapo, na muongozaji anataka yote hayo kwa mkupuo mmoja, bila kukata. "Msimwogope," anasema yule kijana wa miwani, ambaye kwenye hadithi ni Mjuaji, "maiti wa kwanza haamki, kazi yake imekwisha," na msichana wa nywele ndefu analia kwikwi, na yule wa tatu, mwenye mpira kwapani, anamwuliza Mjuaji hayo ameyajuaje, na Mjuaji anajibu kwamba ameziona zote, kila filamu ya watoto wa shule na muuaji mmoja ameiona, na hii waliyomo ni mojawapo, na hapo mashabiki watacheka, Marehemu anajua, anawasikia tangu sasa, watacheka kwa sababu filamu imewakonyeza.

Wanapenda kukonyezwa, mashabiki hawa, wanapenda kuambiwa na sisi tunajua kwamba mnajua, ndiyo raha yao, watoto wa kwenye filamu wanazijua kanuni zote na wanazitaja kwa vidole, anayesema ni paka tu huyo hana siku nyingi, wanaoachana njia ili wakutane mbele hawakutani, anayerudi kuchukua kitu alichokiacha... doa, tazama doa, lina mkia kama wa samaki mkunga... anayerudi kuchukua kitu alichokiacha hafiki mwisho, wanazitaja, wanataniana, halafu wanakufa vilevile mmoja baada ya mwingine, na ukumbi mzima unapiga makofi. Kasuku ndiye aliyekuwa anazijua kanuni kuliko mtu yeyote. Mdogo wake huyo, wamemwita Kasuku tangu utotoni kwa sababu hakuweza kutazama kitu akiwa kimya, Jumamosi mchana mama yao akiwa kazini kwenye chumba cha dobi hospitalini, wanafunga mapazia, wanaweka diski ya jirani iliyokwaruzika, wanakaa kwenye kochi lililobonyea katikati, na Kasuku anajifunika macho kwa vidole vilivyoachana ili aone vizuri, na anaanza, huyu wa kwanza, huyu mwenye bia, yule mwenye miwani atadumu, yule mpole ndiye muuaji, Dada tazama anavyotabasamu, mtu mwema hatabasamu hivyo peke yake, na hakukosea, hata mara moja hakukosea, mwenye kukosea ndiye aliyeosha vyombo na aliyeosha vyombo siku zote alikuwa yeye, dada mtu, mikono kwenye beseni, huku Kasuku amekaa juu ya meza anamsimulia upya jinsi alivyojua. Na walivyopiga kelele, Mungu wangu, usiingie wewe, usiingie, toka humo, mjinga huyu, mwache paka afe, wanapiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta, na yule msichana wa kwenye televisheni anaingia tu, kila mara anaingia, wakirudisha nyuma anaingia tena, nao wanakumbatiana wanacheka machozi yanawatoka... na mdogo wake alikuwa na mikono mizuri. Hilo nalo limetoka wapi. Mikono ya fundi cherehani, vidole virefu, akikunja pindo la gauni hulioni lilikoanzia, na mkono wa kulia ndio ule aliobanwa kwenye mlango wa jikoni, shemeji aliubana mlangoni halafu akauegemea mlango kwa mgongo, taratibu, kama mtu aliyechoka anayepumzika, huku anamwuliza alikuwa wapi mchana kutwa, na sauti hakuipandisha, Kasuku aliwasimulia hivyo, sauti hakuipandisha kabisa, na mama akasema mume ni mume, wanaume wana hasira, msimfanye mtoto wa watu jini la kwenye televisheni yenu, na Kasuku mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko akamgeukia yeye, si mama, akamwambia nilijua, Dada, tangu siku ya kwanza alipokuja nyumbani nilimwona anatabasamu peke yake na nikajua.

Na kama ulijua. Hilo ndilo alilotaka kumwuliza siku ile na hakuuliza, kama ulijua kwa nini ukaingia... mguu wa kushoto unaanza kufa ganzi, vizuri, ufe, mtu wa sauti ameinama na maiki yake ndefu juu ya vichwa vyao, anamwona kwa pembe ya jicho bila kuligeuza jicho, huyo ndiye aliyezichukua simu, maana mara ya kwanza mkupuo uliharibika kwa Mjuaji kusahau maneno, mara ya pili ukaharibika kwa simu ya fundi taa kulia katikati ya kilio cha msichana wa nywele ndefu, hapo mtu wa sauti akapita na beseni la plastiki kama anayekusanya sadaka, zima, weka, zima, weka, akalipeleka beseni nje kwenye korido akafunga mlango, na simu ya Marehemu imo humo, imezimwa, imelaliwa na za wenzake, kwa hiyo hata kama Kasuku anapiga, hata kama anapiga sasa hivi akiwa amejifungia mahali, hakuna kitakacholia. Asubuhi ilikuwa inalia. Asubuhi alikuwa kwenye kiti, shingo ameinyoosha, binti wa vipodozi anambandika lile jeraha la kuchinjwa, ngozi ya bandia na gundi yake, simu ikalia, binti akachungulia akasema ni mdogo wako, Dada, ila usiongee, gundi haijakauka, ukiongea inapasuka tunaanza upya, akamshikia simu sikioni, na Kasuku na maneno yake mengi, Dada leo nakwenda kuchukua cherehani yangu niliyoiacha kwa mume wangu, nguo za watu zimekaa, wateja wamenichoka, nimeongea naye, amesema niende mchana atakuwepo, atanisaidia kuibeba maana ile ni nzito siiwezi peke yangu, alikuwa na sauti nzuri, Dada, hata yeye amechoka na haya mambo, mwanangu akitoka shule kabla hujarudi hapo kwako, nimemwambia angoje kwa jirani, na halafu akacheka, kile kicheko chake cha kwenye kochi, akasema, "Najua unachowaza. Anayerudi kuchukua kitu hafiki mwisho. Basi mimi nitakuwa wa kwanza kufika." Na yeye alicheka. Alicheka puani, kidogo, ili gundi isipasuke, na akasema mm. Mdogo wake anamwambia anakwenda peke yake kwenye nyumba ile, kwa mtu yule, kubeba cherehani na mtu yule, ameshamtajia na kanuni yenyewe kabisa, na yeye mwenye kinywa chake, mwenye koo zima ambalo halijachinjwa na mtu, akasema mm. Binti wa vipodozi akasema asante kwa kutoongea. Jeraha lingepasuka, na lingepasuka ingekuwaje, wangebandika jingine, analo boksi zima la majeraha, dakika ngapi zingepotea, wangenung'unika kidogo, muongozaji angetazama jua dirishani, basi, na Kasuku angesikia, maana Kasuku hakuwa kwenye televisheni, alikuwa hapa sikioni, angeambiwa usiingie angesikia.

"Halafu kuna wa kurudi," Mjuaji anasema huko juu, amefika huko sasa, anazunguka maiti na kamera inamzunguka yeye, "kuna mmoja lazima atasema ameacha kitu," na mwenye mpira anasema funguo, nimeacha funguo za gari kule bwenini, na msichana wa nywele ndefu anasema jamani, hapo tena watu watacheka, anaujua mpigo wake kama anavyoujua moyo wake, watacheka na kuguna kwa pamoja. Aliwaona siku ile ya onyesho la kwanza la ile filamu ya friji, alikaa katikati yao hawamjui, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, ukumbi umejaa vijana wenye fulana nyeusi na akina mama wawili watatu na mzee mmoja na bisi zake, na yeye alidhani wamekuja kuogopa, kumbe kuogopa mtu anakupata nyumbani kwake bure, wale walikuja kupiga kelele, mbele yake alikaa msichana mwenye begi la shule, bega moja liko chini kuliko lenzake, mtu mdogo mpole aliyeomba radhi alipopita kwenye magoti ya watu, na taa zilipozimwa akaanza, usiingie wewe, toka, nyuma yako, nyuma yako, anapiga kelele mishipa imemtoka shingoni kama mtu aliyekaa na hilo neno miaka, na ukumbi wote unaitikia, na Marehemu wa kwenye skrini anafungua friji, na yeye Marehemu wa kwenye kiti naye akapiga kelele pamoja nao, akajikataza mwenyewe asiingie, akaingia, akafa, na alifurahi, alitoka pale mwepesi kama aliyetua mzigo, na hakujua ni kwa nini. Sasa anajua, na anajulia hapa chini mgongo wake umegandana na sukari, ni kwamba pale unapiga kelele kwa nguvu zako zote na husikiki, na si kosa lako. Pale kila mtu amesema. Hakuna anayetoka pale akijiuliza angesema nini, wamesema wote, wamesema mpaka wamekauka koo, na aliyeingia ameingia kwa kuwa hakuwa na masikio, taa zinawashwa, watu wanapangusa bisi mapajani wanakwenda zao, na yeye miaka yote amekuwa akipiga kelele kwa watu wasio na masikio, na siku ya harusi ya Kasuku alishika mkia wa gauni, akamwona bwana harusi anatabasamu peke yake karibu na keki, akasema hongereni. Sisimizi amefika kwenye kifundo cha mkono. Wa pili anamfuata. Saa ngapi sasa, mwanga wa dirishani umeshafika kwenye mguu wa meza, walipoanza ulikuwa ukutani, basi ni mchana, basi ameshafika, anagonga lile geti kwa ufunguo kwa sababu kengele ni mbovu, au ameshaingia, anasema hodi, anavua viatu mlangoni, yule daima huvua viatu, hata nyumba ile, atakuwa pekupeku... "Ngoja," anasema msichana wa nywele ndefu, na sasa hivi halii tena, hii ndiyo sentensi ambayo muongozaji aliiandika mwenyewe na anaipenda kuliko mtoto wake, "kama yote haya tunayajua, kwa nini bado tumo humu ndani?" na Mjuaji anavua miwani, anaifuta kwa shati, anatazama kule nyuma, anasema, "Kwa sababu mlango ndio huu mmoja," na hapo ukumbi mzima utaangua kicheko, na wao watatu wanageuka na kuanza kwenda kwenye ule mlango mmoja wa stoo ambako anawangoja mwalimu mkuu wa karatasi, na kamera inaanza kushuka, inashuka, inakuja usoni, tulia, usipepese, na anaona nyuma ya kamera visigino vya yule msichana, visigino tu na soksi nyeupe zinakwenda mlangoni, vinakwenda taratibu na hakuna anayevizuia, na "Usiingie," akasema Marehemu, "usiingie, mdogo wangu, usiingie humo," na hakusema kwa sauti ya kuigiza, ilimtoka sauti ya kwenye kochi, jirani angegonga ukuta, jeraha likapasuka, damu ya sukari ikamwingia kinywani, na alikuwa ameshakaa, mkono ameunyoosha, sisimizi wote wawili wamedondoka.

Msichana wa nywele ndefu alipiga yowe la kweli akamrukia mwenye mpira, mpira ukaenda zake chini ya meza, halafu Mjuaji, ambaye huwa hapotezi nafasi, akarudisha miwani machoni na kusema hiyo haimo kwenye kanuni, na fundi taa akacheka, mtu wa sauti akacheka maiki ikitikisika, wote wakacheka, na muongozaji ndiyo kwanza akasema kata, sauti inamtetemeka kwa furaha, maiti anayeonya, maiti aliyeona filamu nzima kabla yetu anatuonya na bado hatumsikii, mbona hili hakuliwaza yeye usiku wote aliokesha na hii hadithi, akaja akachuchumaa mbele yake, akamshika bega, macho yamemlowa, maskini, mtu mwema, akamwuliza amelitoa wapi. "Mdogo wangu amekwenda kwa mumewe," akamwambia. Akamtazama, kinywa kimejaa sukari, akangoja. Na muongozaji akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelewa kila kitu. "Ndiyo," akasema, "ndiyo, tumia hilo hilo," akasimama, akapiga makofi mara mbili, tunarudia, hivyo hivyo, jua linatukimbia, na watu wakarudi kwenye nafasi zao. Binti wa vipodozi akaja na boksi lake, akapiga magoti, akamfuta kidevu, hakucheka yeye, ndiye pekee aliyeshika ile simu asubuhi, akamwekea jeraha jipya, akalibonyeza pembeni kwa kidole gumba, na akiwa ameinama hivyo hivyo akamwuliza kwa chini, "Dada, nikuletee simu yako?" na beseni liko pale nje tu, hatua chache, na hakuna anayemshika mtu miguu, hakuna aliyemfunga, muongozaji mwenyewe angengoja, angelalamika na angengoja, simu ingewashwa, ingetafakari kidogo kama kawaida yake, halafu ingeonyesha kitu, au isingeonyesha kitu, na vyote viwili aliviona kwa mara moja na hakutaka hata kimoja, kwa sababu simu ikiwa ndani ya beseni Kasuku bado yuko nje ya geti, bado anagonga kwa ufunguo, ana viatu miguuni, anacheka. "Tumalize kwanza hii," akasema.

Akalala. Mgongo ukalitafuta lile dimbwi lake na kulipata, limeanza kupoa. Wakammiminia damu mpya, wakampanga nywele kama zilivyokuwa, mkono hapa, kidole cha pete kidogo nje, doa la dari liko palepale na mkia wake, kule juu watatu wanajikohoza, msichana wa nywele ndefu analitafuta tena lile chozi lake, na mguu wa kushoto tayari unaanza ganzi, na anamwambia mdogo wake ngoja, ngoja hapohapo, Kasuku, usigonge, namaliza hii nakuja, nakuja tubebe wote wawili, na wakati huohuo, pembeni ya hayo, kuna kitu kingine kinafanya kazi peke yake kichwani, kimetulia, hakina haraka, kinamwambia kwamba mara ile aliwahi mno, alisema kabla kicheko cha mlango ndio huu mmoja hakijaisha, nusu ya ukumbi isingesikia, inafaa awape nafasi, awaache wacheke mpaka waishie, visigino vifike karibu kabisa na mlango, na asikae, akae kwa nini, abaki amelala vilevile macho darini na aseme kwa chini, usiingie ya kwanza iwe kama pumzi, mdogo wangu hapo katikati avute kidogo, na ya mwisho ndiyo aipe uzito, au hapana, ya mwisho aiache ikatike, watamalizia wenyewe, yule msichana mwenye begi la shule atamalizia, na tayari alikuwa anaijaribu kinywani, midomo imefungwa, mara ya kwanza, mara ya pili, anasikiliza ipi inauma zaidi, alipojisikia anachofanya, na macho hakupepesa, na muongozaji akasema anza.